Takwimu za tovuti kwa anayejifunza mwenyewe: mwongozo kamili kwa mwenye biashara ndogo Dodoma

Hali ya kawaida ni hii: fundi anatengeneza tovuti, analipwa, anakabidhi nenosiri, na mambo yanaishia hapo. Domeini (jina la tovuti) inalipiwa kila mwaka, hosti (seva inayoibeba) inalipiwa, lakini mwenye tovuti hajui kama kwa wiki wanaingia watu watano au mia tano, wala kama yupo hata mmoja aliyepiga simu kwa sababu aliiona. Vifaa vya kujua hayo vipo, vingi ni vya bure, na asiyejua kuandika msimbo anaweza kuvifunga kwa jioni moja. Kazi inaanza baada ya hapo: kuzisafisha namba, na kujua zipi ziangaliwe na zipi ziachwe zipite.

Tutatumia mfano wa loji ndogo ya Kisasa yenye tovuti ya kurasa tano: mwanzo, vyumba, bei, mahali ilipo na mawasiliano. Hakuna malipo ya mtandaoni. Mteja anabofya WhatsApp au anapiga simu, na biashara inamalizikia huko. Ukiwa unauza miche ya zabibu Hombolo au viwanja Nala, badilisha majina ya kurasa tu. Mbinu ni ileile.

Majina ya vitufe tunayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, ili uyatambue ukiyakuta.

Swali kwanza, kifaa baadaye

Google Analytics ina ripoti nyingi mno kwa mwenye loji ya vyumba kumi na mbili. Anayeifungua bila swali hutoka na kizunguzungu, akakumbuka namba moja tu: idadi ya watu. Hiyo peke yake haimsaidii kitu.

Andika maswali matatu kwenye karatasi. Wanaotufikia wanatoka wapi: Google, WhatsApp, Instagram, au bango la barabarani? Jibu hilo linaamua hela ya matangazo iende wapi. Wanaingilia ukurasa gani? Hapo ndipo pa kuweka bei na picha nzuri, hata kama si ukurasa wa mwanzo. Wangapi wanabofya WhatsApp au namba ya simu, na wakiwa ukurasa gani? Hili la tatu ndilo kubwa. Swali lolote ambalo jibu lake halitakufanya ubadilishe chochote, lifute.

Vifaa vipi, na vipi uviache

Viwili vinatosha kuanzia. Google Search Console inaonyesha yanayotokea kabla mtu hajaingia: ameandika nini Google, tovuti yako ilitokea mara ngapi, ya ngapi, na alibofya au la. Google Analytics 4 inaonyesha yanayotokea akishaingia. Baadaye ukitaka kuona watu wanasogeza ukurasa hadi wapi na wanabofya nini, Microsoft Clarity ni ya bure na inarekodi ziara zenyewe kama video.

Kwenye cPanel, yaani paneli ya kuendeshea hosti yako, utaikuta AWStats tayari inafanya kazi. Usiitumie kujipima. Inasoma kumbukumbu za seva, kwa hiyo roboti nyingi zinazopita mtandaoni zinaingia kwenye hesabu, na namba zake zinaweza kuwa mara kadhaa ya zile za Analytics. Fundi anayetaka kukufurahisha hukuonyesha hizo.

Asiyependa taarifa za wateja wake zikae Google ana Matomo, programu huria inayofungwa kwenye seva yako mwenyewe. Inahitaji PHP na MySQL, yaani hosti yoyote inayobeba WordPress inaiweza, ila kwenye kifurushi cha bei ya chini ripoti zitakuwa nzito na masasisho ni juu yako.

Tahadhari kwa anayejifunza kupitia YouTube: toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, lakini video zake bado zipo kibao. Ukiona mwalimu anatumia namba inayoanza na UA-, funga video hiyo. Ya sasa inaanza na G-. Video za toleo jipya zilizotengenezwa kabla ya 2024 nazo zinaita «conversions» kile ambacho Analytics sasa inakiita «key events», yaani matukio makuu: vitendo vya mgeni ulivyoviteua kuwa ndivyo vyenye maana kwako.

Akaunti iwe ya nani

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na si jambo la kiufundi. Fundi akifungua Analytics kwa barua pepe yake, siku mkikosana au akibadilisha namba, takwimu za miaka yote zinabaki kwake. Fungua barua pepe ya biashara, ilinde kwa uthibitisho wa hatua mbili, ufungulie akaunti humo. Fundi mpe ruhusa kupitia Admin, kisha Account access management, kwa kiwango cha Editor. Msaidizi anayesoma ripoti tu apewe Viewer. Wewe ubaki Administrator.

Wakati wa kufungua utaulizwa eneo la saa. Chagua Tanzania. Ukiacha saa za California, siku yako itaanza saa nne au saa tano asubuhi ya Dodoma, kutegemea majira yao, na mteja wa alfajiri atahesabiwa kuwa wa jana. Kumbuka pia kwamba Analytics inaandika masaa kwa mtindo wa 24: namba 20 kwenye ripoti ni saa mbili usiku, namba 8 ni saa mbili asubuhi. Search Console yenyewe hutumia saa za California na huwezi kuibadilisha, kwa hiyo usishangae siku za vifaa hivi viwili zisipolingana.

Kabla hujatoka kwenye Admin, tafuta Data retention. Kwa kawaida imewekwa miezi 2. Ipandishe iwe 14. Ripoti za kawaida haziguswi na mpangilio huu, ila sehemu ya Explore, ambayo utaihitaji hapo chini, inagota kwenye kikomo hicho. Mpangilio huu haurudishi kilichokwisha kufutwa, ndiyo maana unafanywa siku ya kwanza.

Kufunga

Kwenye WordPress, tumia plagini ya Google iitwayo Site Kit. Isakinishe, ingia kwa barua pepe ya biashara, kubali kuunganisha Search Console na Analytics, basi. Kwenye Blogger, mipangilio ina kisanduku cha kubandika namba yako ya G-. Kwenye tovuti iliyoandikwa kwa mkono, nenda Admin, Data streams, bofya jina la tovuti yako, fungua maelekezo ya kufunga, nakili msimbo wote na uubandike mara baada ya `<head>` kwenye kila ukurasa. Mara moja tu kwa kila ukurasa.

Sasa hakiki. Fungua ripoti ya Realtime kwenye kompyuta. Chukua simu, zima Wi-Fi, washa bando, fungua tovuti kwenye dirisha la siri la Chrome. Ndani ya dakika moja au mbili unapaswa kuonekana. Ripoti hiyo inabeba dakika 30 za mwisho. Usipojiona, sababu huwa ni mojawapo ya hizi:

Plagini ya kache, inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka, bado inatoa nakala ya zamani ya ukurasa. Safisha kache, jaribu tena.

Umeingia kwenye WordPress kama msimamizi. Site Kit ina mpangilio wa kutowahesabu walioingia, na ni mpangilio mzuri, uache. Jaribu ukiwa umetoka.

Kivinjari kinazuia. Brave na plagini za kuzuia matangazo huzima Analytics. Wapo wateja wako wanaovitumia pia, kwa hiyo namba zako siku zote zitakuwa pungufu kidogo ya hali halisi.

Namba ya G- imekosewa herufi moja. Ukiwa kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+U, halafu Ctrl+F, utafute «G-», ulinganishe herufi kwa herufi.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu linapendeza: msimbo umefungwa mara mbili, mara nyingi mmoja na fundi kwenye mandhari ya tovuti na mwingine na Site Kit. Kila ukurasa unahesabiwa mara mbili. Dalili yake ni asilimia ya ziara hai kukaribia 100. Analytics huita ziara kuwa hai ikizidi sekunde 10, ikiwa na tukio kuu, au ikifungua kurasa mbili. Ukurasa mmoja ukihesabiwa mara mbili, hata aliyekimbia baada ya sekunde tatu anaonekana msomaji. Ondoa mmoja.

Ripoti nyingine zote zinachelewa kukamilika, saa 24 hadi 48. Usihukumu siku ya leo wala ya jana.

Jitoe kwenye hesabu

Tovuti ndogo huwa na mteja mmoja mwaminifu kupita wote: mwenye nayo. Ukiingia mara kumi kwa siku kuangalia kama kuna watu, unajihesabu mwenyewe.

Kama loji ina intaneti ya waya, google «what is my IP» ukiwa umeunganishwa nayo, kisha ndani ya Data streams fungua Configure tag settings, halafu Define internal traffic, uandike anwani hiyo. Hapo bado hujamaliza. Rudi Admin, Data filters, utakuta kichujio kiko kwenye Testing. Kibadilishe kiwe Active. Wengi huishia hatua ya kwanza na kichujio hakichuji chochote. Muulize pia mtoa huduma kama anwani hiyo ni ya kudumu, maana ikibadilika kichujio kinakuwa bure. Fikiria na wageni pia: wakitumia Wi-Fi hiyohiyo ya loji, nao hawatahesabiwa. Kwa loji hilo ni sawa, wameshafika. Na jua kwamba kilichochujwa hakirudi tena.

Anayetumia bando hawezi njia hii, kwani anwani ya simu hubadilika na huwa inatumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kwenye kompyuta, weka kiendelezi cha Google Analytics Opt-out. Kwenye simu, ingia kwanza kwenye WordPress ndipo utazame tovuti.

WhatsApp na simu: hapa ndipo penye hela

Analytics ikiwa na mpangilio wa Enhanced measurement, nao huwa umewashwa tangu mwanzo, inarekodi tukio liitwalo `click` kila mtu anapobofya kiungo kinachompeleka nje ya tovuti. Kiungo cha WhatsApp kinaingia humo. Kiungo cha kupiga simu, kinachoanza na `tel:`, hakiingii. Hivyo viwili vinashughulikiwa tofauti.

Anza na WhatsApp. Hakikisha kila kitufe kwenye tovuti kinatumia muundo mmoja:

`https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20nimeona%20bei%20kwenye%20tovuti`

Namba haina alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, na nafasi kati ya maneno inaandikwa `%20`. Hiyo sehemu ya `text` ina faida kubwa: weka ujumbe tofauti kwa kila ukurasa, na mapokezi watajua mteja ametokea wapi kwa kusoma mstari wa kwanza wa mazungumzo, hata bila kufungua Analytics.

Kisha nenda Admin, Events, tengeneza tukio jipya. Jina: `bofya_whatsapp`. Masharti mawili: `event_name` ni sawa na `click`, na `link_domain` ni sawa na `wa.me`. Acha vigezo vya tukio la awali vinakiliwe. Hifadhi, halafu liteue tukio hilo kuwa tukio kuu. Jina la tukio lianze na herufi, lisiwe na nafasi, lisizidi herufi 40, na herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: `Bofya_WhatsApp` na `bofya_whatsapp` yatahesabiwa kama matukio mawili.

Jaribu kwa simu na utazame Realtime. Kama haionekani, kuna mambo mawili ya kukagua. Plagini nyingi za kitufe cha WhatsApp hutumia `api.whatsapp.com` badala ya `wa.me`, na masharti yote lazima yatimie ndipo tukio litokee. Nyingine hazitumii kiungo kabisa, zinafungua WhatsApp kwa JavaScript, na Analytics haina cha kukamata. Dawa ni kuifuta hiyo plagini na kuweka kiungo cha kawaida. Kinafanya kazi ileile na ni chepesi zaidi.

Simu inahitaji mstari mmoja wa msimbo ndani ya kiungo chenyewe:

`<a href="tel:+255XXXXXXXXX" onclick="gtag('event','piga_simu')">Piga simu</a>`

Hilo nalo liteue kuwa tukio kuu. Anayetumia Tag Manager, kifaa cha Google cha kusimamia misimbo ya aina hii, anaweza kulifanya bila kugusa ukurasa, ila kwa tovuti ya kurasa tano Tag Manager ni mzigo usio na sababu, na ndiyo njia nyepesi ya kuishia na msimbo mara mbili.

Matukio haya hayahesabu yaliyopita. Yanaanza siku ulipoyaweka.

Baada ya wiki mbili, fungua Explore, chagua Free form. Kwenye mistari weka Page path, kwenye thamani weka Event count, na kwenye kichujio weka Event name ni `bofya_whatsapp`. Utapata orodha ya kurasa zinazoleta mazungumzo. Huwa si ukurasa wa mawasiliano unaoongoza. Kwa biashara ya malazi tarajia bei na vyumba. Kama ukurasa wa bei haumo kabisa, kitufe huenda kiko chini mno na watu hawakifikii.

Tia alama viungo unavyosambaza mwenyewe

Ukituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, kwenye SMS au kwenye PDF ya bei, atakayekibofya mara nyingi ataonekana Analytics kama «Direct», yaani amekuja bila chanzo. Programu hizo hazipitishi habari ya alikotoka. Biashara inayoishi kwa WhatsApp inaweza kuona nusu ya ziara zake humo, ikadhani watu wanaikumbuka domeini kwa kichwa. Hakuna anayeikumbuka.

Dawa ni kuongeza maneno mwishoni mwa kiungo:

`https://tovutiyako.co.tz/bei?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=bunge_bajeti`

Alama ya kuuliza inatumika mara moja, baada ya hapo ni `&`. Chanzo ni mahali, njia ni aina ya mahali, kampeni ni jina ulilolitoa wewe. Andika kwa herufi ndogo siku zote, bila nafasi, na tunza orodha ya majina kwenye karatasi moja. `WhatsApp`, `whatsapp` na `watsap` zitatoka kama vyanzo vitatu na hakuna namna ya kuviunganisha baadaye.

Kwa Instagram, tia alama kiungo cha kwenye wasifu. Kwa bango lenye QR, tengeneza kiungo chenye `utm_source=bango_sabasaba&utm_medium=qr` kabla ya kuchora QR, kwa sababu bango likishachapwa halibadiliki. Ziara za `qr` zitaonekana «Unassigned» kwenye orodha ya makundi, kwa kuwa Google haina kundi lake. Usijali, ziangalie kwa Session source / medium. Neno `social` kwenye njia linazipeleka za WhatsApp kwenye kundi la mitandao ya kijamii, ndiyo maana tumelitumia.

Usitie alama hizi kwenye viungo vya ndani, kutoka ukurasa wako kwenda ukurasa wako. Zitafunika chanzo cha kweli cha mgeni.

Kisha kuna ramani. Kwa loji, wasifu wa biashara kwenye Google Maps unaweza kuleta wateja kuliko tovuti yenyewe, na wengi wao hawafiki kwenye tovuti: wanapiga simu au kuomba maelekezo palepale. Namba hizo zinasomwa ndani ya wasifu huo, sehemu ya Performance. Kiungo cha tovuti kilichomo kitie alama ya `utm_source=google&utm_medium=organic&utm_campaign=ramani`, la sivyo wageni wa ramani watachanganyika na wa kutafuta kwa kawaida.

Kusoma bila kudanganywa

Ripoti moja ya kufungua kila wiki ni Traffic acquisition. Inaonyesha ziara, ziara hai na matukio makuu kwa kila chanzo. Nyingine ni Landing page. Zinajibu maswali mawili ya kwanza na idadi ya la tatu; wamebofya wakiwa ukurasa gani, utasoma kwenye Explore uliyoitengeneza.

«Users» si watu, ni vivinjari. Mtu mmoja akitumia simu na kompyuta ya ofisini Mtumba ni wawili. Kivinjari cha Safari kwenye iPhone nacho hufuta kidakuzi cha Analytics (alama ndogo ya kumtambua mgeni) baada ya siku saba asiporudi, kwa hiyo anayerudi baada ya wiki mbili anahesabiwa mgeni mpya. Usijenge hoja yoyote juu ya wapya dhidi ya wanaorudi.

Mahali pa mgeni panakisiwa kutokana na anwani ya mtandao. Intaneti ya simu hupita kwenye mitambo michache ya kampuni, hivyo aliyeko Kondoa au Area D anaweza kuandikwa Dar es Salaam. Nchi iamini, mkoa uutilie shaka. Usiseme «wateja wetu wengi wako Dar» kwa kutazama ripoti hii peke yake, waulize. Wanaotumia Opera Mini kwa kubana bando wanapitia seva za Opera, na wanaweza kuonekana nchi nyingine au wasihesabiwe kabisa.

Ukiona ziara za ghafla kutoka Ashburn au Council Bluffs, usishangilie. Hiyo ni miji ya Marekani yenye vituo vikubwa vya data, na ziara za sekunde sifuri kutoka huko ni mashine. Google huondoa roboti inazozijua, lakini si zote. Kwa biashara ya hapa, weka kichujio cha nchi kwenye Explore yako, yaishe.

Halafu kuna suala la namba ndogo, ambalo walimu wa mtandaoni hawaligusi kwa kuwa wanafundishia tovuti kubwa. Hesabu yoyote ndogo hupanda na kushuka yenyewe kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Bofyo 9 kwa wiki zinayumba kwa 3 hivi kila upande bila sababu yoyote, na mara mojamoja hata kwa 6. Kwa hiyo kutoka 9 kwenda 13 si habari, ingawa Analytics itaandika ongezeko la asilimia 44 kwa rangi ya kijani. Kusanya mwezi mzima ndipo ulinganishe. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja: ukibadilisha bei, picha na kitufe siku moja, hutajua kilichofanya kazi.

Linganisha vipindi vinavyofanana. Dodoma ina majira yake: Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, Nanenane ya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti. Mei ya loji haipimwi na Machi, inapimwa na Mei ya mwaka jana. Ripoti zikipanda Aprili huku hujafanya kitu, ni waheshimiwa na msafara wao wanatafuta vyumba, si tovuti yako imeboreka.

Search Console inakuambia wanaandika nini

Uthibitisho wa umiliki ukitumia Site Kit unafanyika wenyewe. Ukiufanya kwa mkono, chagua aina ya Domain na uweke rekodi ya TXT (mstari wa maandishi utakaopewa na Google) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini yako. Inashika tovuti yote, yenye www na isiyo nayo. Peleka pia ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, kwenye Sitemaps: kwa WordPress isiyo na plagini ya SEO (ya kusaidia tovuti ionekane Google) ni `wp-sitemap.xml`.

Fungua Performance, washa vipimo vyote vinne, chagua miezi 3. Taarifa zinachelewa siku mbili tatu, na zinatunzwa miezi 16. Panga kwa Impressions, yaani mara ulizotokea. Tafuta maneno yanayotokea sana lakini yanabofywa kidogo. Kama uko kati ya nafasi ya 1 na 7 na bado hawabofyi, kichwa cha ukurasa hakivutii au hakijibu: «Karibu kwenye tovuti yetu» hakimwambii kitu mtu aliyeandika «loji kisasa dodoma bei». Kiandike upya kiwe na mtaa, aina ya chumba na bei ya kuanzia. Kama uko kati ya nafasi ya 8 na 20, ukurasa wenyewe ni mwembamba. Ongeza yale watu wanayouliza kwenye WhatsApp: maegesho, maji ya moto, umbali hadi stendi, hadi stesheni ya SGR, hadi Mji wa Serikali Mtumba.

Angalia pia lugha. Watu wa hapa hutafuta kwa kuchanganya, «lodge» na «loji», «guest house» na «gesti». Tumia yote mawili kwenye maandishi kwa namna inayosomeka.

Jumla ya maneno haitalingana na jumla ya mibofyo. Google huficha maneno yanayotafutwa na watu wachache, na kwa tovuti ndogo hayo ndiyo mengi.

Kasi, kwa kifupi

Pitisha ukurasa wa bei kwenye PageSpeed Insights, upande wa Mobile. Picha kuu inapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi mkosaji ni picha iliyopigwa kwa simu na kupakiwa ilivyo, megabaiti 4 au 5. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1200, ihifadhi kama WebP, ishuke chini ya kilobaiti 200. Mteja analipia bando lake mwenyewe.

Taarifa za watu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na Tume inayoisimamia huwasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa. Masharti ya Google nayo yanataka uwe na ukurasa wa faragha, na yanakataza kupeleka majina, namba za simu au barua pepe za watu ndani ya Analytics. Hii ya pili huvunjwa bila kujua: fomu ya kuweka nafasi iliyotengenezwa kwa njia ya GET huandika kila alichojaza mteja kwenye anwani ya ukurasa unaofuata, na Analytics hurekodi anwani hiyo. Jaza fomu yako, bonyeza tuma, kisha usome anwani iliyo juu ya kivinjari. Ukiona namba ya simu humo, mwambie fundi aibadilishe iwe POST leo hii.

Jumatatu, dakika ishirini

Fungua Traffic acquisition kwa wiki iliyokwisha, Jumatatu hadi Jumapili. Andika namba nne kwenye daftari: ziara, ziara hai, bofya za WhatsApp, simu. Pembeni andika kilichotokea wiki hiyo: tangazo lililolipiwa, umeme uliokatika, kikao cha Bunge, bei iliyopandishwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na Analytics haitakuandikia kwamba Jumatano hosti ilizima.

Mapokezi nao wawe na safu moja kwenye kitabu cha wageni: «Umetupataje?» Mwisho wa mwezi weka daftari mbili pamoja. Kama Analytics inasema bofya 30 za WhatsApp na mapokezi wamepata mazungumzo 12, kuna wanaofungua na kughairi, au namba iliyo kwenye kiungo ina mtu asiyejibu. Jaribu kwa simu nyingine saa mbili usiku. Kama mapokezi wana wateja 20 wa «mtandaoni» na Analytics inaonyesha bofya 5, wengi wametoka kwenye ramani, au wameinakili namba bila kuibofya. Kagua kama kwenye simu namba inabofyeka kweli, au imeandikwa ndani ya picha.

Wiki za mwanzo tovuti yako haitakuwa na namba za kujifunzia. Google inatoa akaunti ya mazoezi yenye takwimu halisi za duka lake la Google Merchandise Store, unaingia kwa barua pepe yako na huwezi kuharibu kitu. Jifunzie humo kutengeneza Free form na kuchuja kwa nchi. Kozi za Skillshop, za bure pia, zinaeleza vitufe vizuri, ila zimeandikwa kwa wanaouza mtandaoni moja kwa moja. Sehemu za manunuzi na matangazo ya kulipia ziruke, anza na za kufunga, matukio na ripoti.